Begi la Vifuko Vinane

"Jumapili nakuja kuichukua cherehani," dada aliniambia kwenye simu, bila hata salamu. "Mama ameanza kusahau. Juzi sindano imempita kidoleni na akaendelea kushona. Ukitaka kubisha, bisha."

Nikabisha, bila shaka. Ndiyo kazi yangu katika familia hii. Nilimuuliza ni fundi gani hajawahi kujichoma. Nikamwambia yeye huja mara mbili kwa wiki kumsuka mama na kumfulia, ilhali mimi naishi naye nyumba moja, kwa hiyo anayemjua mama ni mimi. Mama ameshona miaka arobaini. Vipimo vya watu haviandiki popote. Anakutazama, anakupapasa bega, basi. Ukimnyang'anya cherehani anabaki na nini?

"Haya," alisema dada. "Mpe kazi moja ya vipimo. Ikitoka sawa, nitafunga mdomo."

Kazi nilikuwa nayo. Mimi ni mpigapicha wa harusi, na kwa mwezi mzima suala la begi la kamera lilikuwa linaniumiza kichwa kuliko harusi zenyewe. Nilinunua la mgongoni. Kila nikitaka kubadili lenzi nalivua, napiga magoti, nafungua zipu mbili, na nikiinuka bibi harusi keshapita. Nikanunua la begani, likanivuta upande mmoja mpaka picha zikaanza kutoka zimeinama. La magurudumu sitaki hata kulizungumzia. Ziulizeni ngazi za ukumbini. Muuza mabegi aliniuliza kama nataka la safari, la garini au la kazi. Nikamjibu nataka la kamera. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Basi nikavipanga vifaa vyangu vyote kitandani kwa mama: kamera mbili ndogo, lenzi tatu, flashi, chaja, betri bapa, kadi za kumbukumbu. Nikamnyooshea futi ya kupimia, yeye akavishika kimoja kimoja, akaitikia kwa kichwa.

"Kazi hii naijua," alisema. "Futi yako kaa nayo."

Siku tatu cherehani haikupumzika. Jumapili asubuhi akanikabidhi begi: turubai la kijani, sponji ndani, mishono imenyooka hata nikaona aibu kwamba usiku mmoja nilikuwa nimeanza kumwamini dada. Nusura nimpigie simu nimcheke.

Kisha nikaanza kupanga vitu. Kamera ya kwanza ikazama kwenye nafasi ya katikati, ikawa inacheza huku na huku. Nikaongeza ya pili, zikagongana. Lenzi ndefu haikuingia popote. Pembeni kulikuwa na mfuko wa mraba uliokazwa mishono mara tatu, kama wa kubebea tofali. Na mbele, vifuko vinane vya duara, vimejipanga safu moja. Betri zangu bapa zilikataa kukaa humo. Nikatia kadi, ikatumbukia hadi chini, nikahangaika nayo kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mwiba. Nilipouvaa mkanda, begi likanipiga magotini.

Nilichanganyikiwa kweli kweli. Nikatoa vyote, nikavirudisha kwa mpango mwingine. Nikaligeuza begi mbele nyuma. Ikafika mahali nikaanza kuzilaumu lenzi, kwamba labda ndizo nilizokosea kununua, maana mishono ile haikuwa ya mtu aliyebahatisha. Kila mfuko ulikuwa na sababu yake, ila sababu yenyewe sikuiona. Na dada alikuwa njiani.

"Mama," nikasema, "hivi vifuko vinane ni vya nini?"

Akanishangaa. "Vya filamu za kamera. Si huwa anatoka na nane? Na huo wa pembeni ni wa betri ya flashi, ile nzito ya kuvaa begani. Nimeukaza, maana lile la kwanza lilichanika hapohapo, akaninunia wiki nzima."

Alikuwa anamzungumzia baba. Baba ndiye aliyenifundisha kupiga picha. Alikuwa mrefu, mimi nimechukua kimo cha mama. Alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na kamera yake ya filamu tuliiuza mwaka uleule.

"Mwambie alivae akirudi," mama akasema, akaenda zake jikoni.

Sikujua nishike lipi. Nikachukua taulo nikalilaza ndani ya begi, chini kabisa, nikajaza soksi pembeni na kwenye vifuko, mpaka kamera zikatulia. Sikujidanganya kuhusu nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa namwandalia dada uongo.

Akaingia, akamsalimia mama, akaja moja kwa moja mezani.

"Vitu vimeenea?"

"Ndiyo" ilikuwa ulimini. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu, anasubiri kusifiwa. Nikafungua zipu. Nikatoa soksi moja, ya pili, kisha taulo.

"Havikuenea, dada," nikasema. "Amemshonea baba."

Nilijua litakalofuata, na nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilishasogea nikaikinga cherehani kwa mgongo. Lakini dada alikaa chini sakafuni, akajifunika uso, akalia kilio ambacho sikukisikia kwake hata msibani.

"Cherehani nitaipeleka wapi mimi, hata kutunga uzi sijui?" alisema. "Tangu mwaka jana ananituma nikamwite baba studio. Kila nikikwambia, unanibishia. Nimechoka kulijua hili peke yangu."

Nikakaa chini kando yake, nikamshika mkono. Mama akatusogelea, akatutazama mmoja mmoja, hofu imemjaa usoni, akauliza nani amefariki.