Vidole Kwenye Mashine ya Shemeji

Mashine zilikuwa tatu, zimepangwa ukutani kwenye bohari la shemeji, na fundi alianza na ile mpya kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Aliishika meza yake kwa mkono wa kushoto, akaitikisa. Ikacheza. Mashine ya kuchonga chuma ikicheza meza, kazi yote inatoka na mawimbi, hata uipake rangi gani, na hii ilikuwa imepakwa rangi kwelikweli. Ya pili haikucheza, lakini usukani wake ulizunguka karibu nusu duara kabla meza haijaanza kusogea. Akaiacha.

Alitafuta ndogo, ya kupita kwenye mlango wa chumba alichokiacha binti yake alipoolewa. Kiwandani hawamtaki, karakana za mtaani hazimtaki. Tangu ajali ile iliyomkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, watu wanamwita Mzembe, na nani mwenye akili timamu atampa Mzembe kazi? Yeye husema siku ile mashine haikuwa na kinga mbele ya kisu. Msimamizi alisema kinga ilikuwepo, akili ya mtu ndiyo haikuwepo. Msimamizi huyo ndiye shemeji, kaka mkubwa wa mkewe. Ndiye aliyemtafutia kazi, ndiye aliyemfukuza, na hospitalini alikuja na matunda akasema ajali haina kinga. Mke akamwamini kaka yake. Miaka yote hiyo fundi hakudai fidia wala nini; alitaka mkewe amwamini, basi. Ni jambo dogo, lakini jaribu kulikosa ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Mashine ya tatu ilikuwa ile ile iliyomkata kiwandani, ambayo shemeji aliuziwa kama chuma chakavu. Meza haikucheza. Usukani ulikuwa umeshikwa na vidole vyake viwili.

Vilikuwa na afya njema. Kucha zimekatwa, ngozi haina mkunjo, maana vyenyewe havikuzeeka pamoja naye. Vilizungusha usukani, na meza ikasogea palepale. Fundi akavisalimia. Vikaacha kazi, vikapanda juu ya mashine na kugonga matundu manne ya bolti, pale ilipopaswa kukaa kinga. Rangi ya kijani ya kiwanda ilikuwa imeingia mpaka ndani ya matundu, mahali isipofika bolti zikiwemo, na rangi hiyo ilipakwa kabla fundi hajapewa mashine hiyo aiendeshe.

Shemeji alikuja na kikombe cha chai.

"Hivyo havisumbui," alisema. "Kuna mteja alitaka kuving'oa, nikamwambia vinakwenda na mashine."

"Shemeji, kinga uliitoa wewe."

"Niliitoa. Ilikuwa inachelewesha kazi, na wakubwa walitaka mzigo utoke." Akapuliza chai yake. "Sasa unachukua hii, au ile mpya?"

"Njoo umwambie dada yako hivyo hivyo."

"Dada yangu ananiheshimu. Usinitie aibu ukubwani, shemeji."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema, ila hawakusema mtu avue nguo wapi. Fundi aliichukua mashine ya tatu kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri, na kwa sababu mkewe ana macho.

Wapagazi walipoondoka, mke aliingia chumbani akifuta mikono kwa kanga. Vidole alivitambua mara moja.

"Karibuni nyumbani," aliviambia.

Vikagonga tundu moja, kisha jingine, mpaka yote manne. Mke aliinama, akachokonoa kwa ukucha, ukatoka na ganda la rangi ya kijani. Baba yake alikuwa mtu wa vyuma, kaka yake vilevile, hakuhitaji kufafanuliwa. Fundi alimwona anaelewa, na moyo ukamdunda kama wa kijana anayekwenda kuposa.

"Kwa hiyo haikuwepo," mke alisema.

"Haikuwepo."

"Na aliyeitoa ni kaka."

"Amekiri kwa mdomo wake, leo hii."

Mke alichukua kopo la mafuta ya kujipaka kutoka kwenye dirisha. Akakaa kwenye kigoda mbele ya mashine.

"Basi alikuwa na sababu zake," alisema. "Kaka hafanyi jambo ovyo. Wewe uliona kabisa kinga haipo, mkono ulikuwa unaupeleka wapi?"

Mke alivipaka vidole mafuta kimoja kimoja, mpaka kwenye viungo, kwa upole ambao mumewe alikuwa ameshausahau. Kisha akainuka, akaenda kumpigia kaka yake simu amshukuru kwa kuvitunza.