Rudi Getini, Uanze Upya

Mwanangu ana ufunguo wa geti langu, na ugomvi wote ulianzia hapo. Nilimpa mwaka nilipougua, ili aweze kuingia nikiwa sina nguvu ya kuinuka kitandani. Mimi nilipona, ufunguo haukurudi. Tangu hapo anaingia kama upepo. Hana hodi, hana salamu, anaanzia katikati ya mazungumzo.

Siku ile alinikuta nimekaa mbele ya cherehani, mkono wa kulia umefungwa bendeji, nahangaika kuongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto.

"Mama, imetosha. Nimeshapata mtu wa kumchukua huyo mbwa. Na wewe unahamia kwangu. Chumba cha nyuma kiko wazi."

"Umeniamkia?" nikamwuliza.

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza kama umeniamkia."

Anafanya kazi ya bima, mwanangu. Miaka kumi na minane ya kazi hiyo imemharibu macho. Akitazama ngazi anaona nyonga iliyovunjika, akitazama jiko anaona nyumba inaungua. Sasa alikuwa anamtazama Kishindo, mbwa wangu, na sitamficha mtu kitu: siku hiyo Kishindo alikuwa amempa ushahidi wa kutosha. Asubuhi aliona paka ng'ambo ya barabara akachomoka, na mimi nilikuwa nimejizungushia kamba mkononi kama mjinga. Nikaburuzwa hatua sita nzima. Kifundo cha mkono kikateguka. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Kufuli kwa ajili ya kufuli zake tatu za mlangoni, alikuwa dirishani kama kawaida yake. Sijamaliza kujipangusa vumbi, keshampigia mwanangu simu.

"Huyo mtu wako atamfanya nini?" nikauliza.

"Ana karakana kubwa. Atamfunga mnyororo, awe analinda."

"Mchana na usiku?"

"Mama, ni mbwa."

Hapo damu ikanichemka. Ngoja niwaambie huyo mbwa ni nani.

Mama yake alikuwa mbwa wa ulinzi kwenye ghala lililokuwa nyuma ya mtaa wetu. Alikuwa na kifua kipana na kichwa kama sufuria, na shingo yake haikuwa na manyoya pale mnyororo ulipopita. Niliiona shingo ile kila nilipokwenda kuwapima walinzi sare, maana kazi yangu ni kushona sare. Alizaliwa pale, akafia palepale, hajawahi kufika hata kwenye kona ya ukuta. Baba hajulikani, ila ukiitazama miguu ya Kishindo unajua tu ni mbwa fulani wa kuwinda aliyepita njia, akaruka ukuta, akaenda zake. Ghala lilipofungwa, walinzi waliniletea mtoto mmoja ndani ya kofia. "Fundi, shukrani yetu hii." Ndani ya kofia! Leo ana kilo arobaini na tano, sikio moja limesimama, jingine limelala, na manyoya yake ya rangi ya chai nayakuta hadi kwenye suruali za wateja. Nguvu kazitoa kwa mama, mbio kazitoa kwa baba. Akili ya kufungua komeo la jikoni sijui kaitoa wapi.

Na huyo ndiye wa kupelekwa kwenye mnyororo? Thubutu!

"Nipe wiki tatu," nikamwambia mwanangu. "Jumamosi ya tatu, kabla ya saa sita mchana, nitamtembeza kutoka getini hapa mpaka mlangoni kwa mwenye bucha, na kamba iwe imelegea njia nzima. Nitaishika kwa vidole viwili. Nikishindwa, njoo na maboksi yako. Nikiweza, habari ya chumba cha nyuma sitaki kuisikia tena mpaka nife."

"Kwenye bucha? Mama, mbwa, kwenye bucha?"

"Bucha hiyohiyo. Asije mtu akasema nilichagua njia rahisi."

Akacheka. Laiti angenijibu vibaya ningemsamehe, lakini kile kicheko kilinikaa kooni wiki zote tatu. Nilimlea peke yangu kwa cherehani hii, na leo ananicheka kama mtoto aliyesema atafika mwezini kwa ngazi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake nikaenda kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Alimkagua Kishindo meno, masikio na kucha, akatafuta kupe, kisha akanigeukia mimi.

"Kutwa anafanya nini?"

"Anakaa uani."

"Na wewe ningekufungia uani kutwa ungekuwaje?"

"Ningevunja geti."

"Basi. Huyu si mkorofi, mama. Huyu hana kazi."

Hilo nilielewa mara moja, kwa sababu hata mimi wiki ile bila kazi nilikuwa siongeleki. Daktari akanipa masharti. Nimkimbize alfajiri, kabla jua halijawa kali. Chakula mara mbili kwa siku, si sahani moja kubwa, na akishakula apumzike, asiruke wala asikimbie, maana mbwa wa kifua kikubwa hivi tumbo linaweza kujisokota likamuua. Nimpige brashi kila siku. Na nimpe kitu cha kufikiria. Nikaanza kumfichia vibiringo vya uzi vilivyoisha, kimoja chini ya mkeka, kimoja nyuma ya pipa, naye avitafute kwa pua. Wiki ya kwanza haijaisha, alikuwa ananiletea hata vile ambavyo havijaisha.

Nikamshonea na mkanda wa kifuani, ili kamba isimkabe shingo. Nilimpima kama ninavyopima mteja, nikashona mshono maradufu, pete ya kufungia kamba nikaiweka mgongoni, mahali pa zipu ya gauni. Kazi safi kabisa. Tulipotoka nje nikaburuzwa kuliko mwanzo! Daktari alipouona ule mkanda alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, umemshonea kama ng'ombe wa plau! Mnyama akivutwa mgongoni anapata nguvu ya kuvuta. Pete hamishia kifuani. Akivuta, atageuka mwenyewe akutazame."

Miaka arobaini kwenye cherehani, nimekosea mahali pa kuweka pete. Nilirudi nyumbani nikafumua bila kumwambia mtu.

Na wakati nafumua ndipo nikajua nitamfundishaje. Mshono ukipinda, fundi haendelei mbele akitumaini utajinyoosha wenyewe. Anafumua mpaka mahali pa kosa, anaanza upya. Wanagenzi wote waliopita mikononi mwangu walinichukia kwa hilo, na wote leo wana mafundi chini yao. Basi sheria ikawa moja: kamba ikikaza, hata kidogo, hakuna kelele, hakuna kipigo. Tunarudi getini, tunaanza upya.

Siku ya kwanza hatukulipita hata pipa langu la taka. Kufuli alikuwa dirishani akihesabu kwa sauti.

"Mara kumi na tisa leo!"

"Ishirini, mwenzangu! Moja imekupita ulipoenda kutazama sufuria!"

Siku ya nne tulipita pipa. Siku ya tisa tulipita mlango wa Kufuli, naye akasahau kuhesabu. Nilichoka, msinione hivi. Kuna asubuhi nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia kwa hasira, na lile jitu likaniwekea kichwa chake kizito mapajani, likinidondoshea mate kwenye sketi. Nikajipangusa machozi, nikaipangusa na sketi. Tukarudi getini.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimeshamkimbiza alfajiri na kumpumzisha. Saa tano mwanangu akafungua geti kwa ufunguo wake, kimya, mikononi ana maboksi matupu, akayapanga sebuleni kwangu kama mtu wa mnada.

"Mtu wa karakana anakuja saa sita na pikapu," akasema.

"Umeniamkia?"

"Mama, muda."

Nikamvalisha Kishindo mkanda wake, nikashika kamba kwa kidole gumba na cha shahada, vilevile ninavyoshika sindano. Mkono bado ulikuwa unauma, lakini hilo sikumpa mtu faida ya kulijua.

Tukatoka. Kufuli safari hii alikuwa nje kabisa, kajifunga kanga mbili. Tukapita pipa, tukapita mlango wake, tukapita kuku wanaochakura penye takataka, na Kishindo ananitazama usoni kama anayeuliza, "Hivi?" Nami namjibu polepole, "Hivyohivyo, baba." Mwanangu anatufuata nyuma. Zilipobaki hatua kama tano, mwenye bucha akashusha shoka kwenye mfupa. Pua ya Kishindo ikaruka mbele, kamba ikakaza. Kisha ikalegea. Kufumba na kufumbua tu.

"Kafika!" Kufuli akapiga kelele. "Jamani, kafika!"

Hakuna aliyeona. Mwanangu hakuona, alikuwa anatazama saa. Ningepiga hatua tano tu, mambo yameisha, mbwa wangu, nyumba yangu. Lakini vidole vyangu viwili vilijua. Na Kishindo alijua, alikuwa ameshaanza kugeuka.

Nikageuka naye.

"Mama, unakwenda wapi?" mwanangu akauliza. "Si umefika?"

"Ilikaza."

"Mimi sijaona."

"Hukuishika wewe."

Nikarudi getini mbele ya mtaa mzima. Wengine walicheka, mmoja akasema bibi kachanganyikiwa. Acha aseme. Mara ya pili pikipiki ililipua moshi mbele ya mlango wa Kufuli, Kishindo akaruka, kamba ikakaza. Tukarudi. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Tulipofika getini pikapu ilikuwa imeshafika, na nyuma yake nikaona mnyororo umejikunja, mpya, unang'aa.  Nikaiona ile shingo ya mama yake Kishindo, isiyo na manyoya.

"Imebaki dakika kumi na mbili," mwanangu akasema. Sauti yake haikuwa ileile ya asubuhi. "Mama... ile ya kwanza tuihesabu tu. Nakubali umeshinda."

"Sikuomba kuhurumiwa. Nipishe."

Nikampa Kishindo maji, nikamgusa lile sikio lililolala. "Twende kazini," nikamwambia.

Tukatembea. Safari hii mtaa ulinyamaza, hata kuku naona walinyamaza. Tulipofika kwenye zile hatua tano, mwenye bucha alikuwa kasimama, shoka hewani, hathubutu kulishusha.

"Kata!" nikamwambia. "Fanya kazi yako!"

Akakata. Mfupa ukapasuka. Mwili wa Kishindo ukatetemeka kuanzia puani hadi mkiani, mate yakadondoka chini, na kamba ikabaki imelegea, imepinda kama mdomo unaocheka. Hatua ya tano. Mlangoni. Akakaa.

Kufuli alilia, huyo mwanamke wa kufuli tatu, halafu akasema ni vumbi. Mwenye pikapu akamwuliza mwanangu, "Vipi mkubwa, namchukua au?"

Mwanangu alimpita. Alinijia, akanyoosha mkono. "Hebu nimrudishe mimi."

Nikampa kamba. Nikamwona anajizungushia mkononi, mara mbili, nikanyamaza. Nikatangulia kurudi nyumbani. Kishindo kuona naondoka, akaja. Kilo arobaini na tano! Kiatu kimoja cha mwanangu kilibaki kwenye bucha, suruali ya kazini ikachanika goti, na tai ikahamia mgongoni. Alipofika kwangu alikuwa anahema kama aliyefukuzwa na nyuki.

"Kamba imekaza," nikamwambia.

"Nimeona, mama."

"Basi?"

Aliyatazama maboksi yake kupitia mlango uliokuwa wazi, akanitazama mkono, bendeji imelowa jasho. Alipokuwa na miaka saba alizoea kuingia ndani mbio, viatu na matope, bila salamu. Nilikuwa namwambia neno moja tu, "Rudi," na hakuwahi kubishana. Aliondoka kwenye mlango wangu mara kumi kwa siku nyingine, akarudi mpaka akaweza.

Akachomoa ufunguo wangu kwenye rundo la funguo zake, akaniwekea kiganjani. Kisha akatoka nje ya geti, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi, akalivuta mpaka likajifunga. Nikasikia anamwambia mtu wa pikapu aende zake.



"Hodi," akasema.

Nilikaa kwenye kiti changu, nikapulizia mkono wangu. Kishindo akaniletea kibiringo cha uzi.

"Hodi, mama. Shikamoo."

 Nikaitika palepale nilipokaa.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwangu."

Nikaenda nikamfungulia kwa ufunguo uleule.