Swali la Maziwa

Mama yake Jebet alifundisha nasari miaka mingi hapo Kapseret, na mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. Kwa hivyo ilipobaki siku moja Jebet afanye mtihani wa wahudumu wa ambulensi, Mama alipangusa mikono kwenye leso, akakinyakua kitabu chake cha maswali na kuketi kwenye kigoda nje ya jikoni.

"Leta masikio hapa," akasema. "Mimi nauliza, wewe unajibu. Na usinizungushe."

Jebet akajibu. Mtu ameumia shingo kwa ajali ya bodaboda: usimwinue ovyo. Damu inaruka: kandamiza, usiachilie. Mama alikuwa anapiga paja kila jibu likiingia. Ilikuwa raha kumwona hivyo, maana tangu Vincent, mdogo wake Jebet, afe, kicheko chake kilikuwa cha kuazima.

"Haya, sasa hii ya sumu."

"Hiyo tulishamaliza."

"Tulimaliza na nani? Mimi sikuwepo."

Sura hiyo ndiyo Jebet aliyokuwa akiikwepa tangu wafundishwe darasani huko mjini. Aliapa Mama hatalijua jambo lile, lakini la kuvunda halina ubani.

Vincent, kitinda mimba wao, alikuwa mtoto wa miaka mitatu alipookota chupa ya soda chini ya meza akanywa, kumbe ni mafuta taa. Mama alifanya ambalo kila mtu pale angefanya, kwani nani hajaambiwa kwamba maziwa huua sumu? Alichota maziwa ya asubuhi ile, akamnywesha kikombe kizima. Mtoto akatapika, akapaliwa, akatapika tena. Walipofika hospitali alikuwa anavuta pumzi kwa shida, na kesho yake akaenda. Daktari alisema ni mapafu. Majirani wakamfariji: angalau ulimpa maziwa, Mama Jebet. Neno hilo ndilo lililomshikilia miaka yote. Ungemsikia akilisema peke yake akikamua ng'ombe: angalau nilimpa maziwa.

Sasa alisoma kwa sauti yake ya darasani. "Mtoto amekunywa mafuta taa. Utafanya nini? A, umtapishe. B, umpe maziwa. C, usimpe kitu chochote mdomoni, umkimbize hospitali."

Kwenye C sauti ilipungua kidogo.

Jebet alilijua jibu vile anavyojua jina lake. Alimtazama mama yake, akashindwa.

"B," akasema. "Maziwa."

Mama hakupiga paja. Alifungua kurasa za nyuma penye majibu, akashuka na kidole, kidole kikakaa hapo. Kuku walikuja wakadonoa karibu na miguu yake na hakuwafukuza.

"Umekosa," akasema.

"Nimechanganyikiwa tu, Mama."

"Hujachanganyikiwa. Niambie. Kwa nini si maziwa?"

"Yanamtapisha," Jebet akasema polepole. "Akitapika, mafuta yanapanda nayo, yanaingia kwenye mapafu."

"Mapafu," Mama akasema.

Akalia hapo hapo kwenye kigoda, mdomo wazi, bila sauti. Jebet alipiga magoti akamshika mabega. Moyo ulimuuma mpaka akajuta kujiandikisha kwa masomo yale. "Hukujua, Mama. Hakuna aliyejua hapa." Ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu.

Baada ya muda mrefu Mama alijifuta uso kwa leso, akamrudishia kitabu.

"Kesho ukikosa hili kwa sababu yangu sitakusamehe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa niulize mimi."

"Mama, wacha."

"Niulize, mwalimu."

Jebet akauliza. Mtoto amekunywa mafuta taa. Utafanya nini?

Mama alinyoosha mgongo kama mtoto wa nasari aliyesimamishwa mbele ya wenzake.

"Simpi kitu," akasema. "Simpi kitu. Namfunga mgongoni, nakimbia naye."