Patasi Inayoitwa Jino

Siku ya tatu tu katika karakana ile ya samani, msimamizi alimbandika jina: Cherehani. Ni kwa sababu ya kigugumizi. Alipoomba pa-pa-patasi, mafundi walikanyaga pedali za hewani, wakacheka mpaka vumbi la mbao likawapalia.

Cherehani alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, na karakana mbili alikwishazikimbia kwa kicheko cha namna hiyo. Mkewe alimwuliza, "Baba watoto, ukiacha na hii utahamia mwezini?" Lakini Ijumaa ile alifika na lake moyoni: jioni anafunga mkoba wa vifaa, haonekani tena.

Saa nne akaingia mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye daftari, kuagiza madawati. Akagonga ubao. "Mbao gani hii?"

"Hii nyeupe," msimamizi akasema. "Laini, haina vifundo."

"Jina lake, niandike."

Msimamizi akafumba midomo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Midomo ile Cherehani aliijua kama viatu vyake mwenyewe. Ndipo akakumbuka: mtu huyu patasi huiita jino, pamba huiita mawingu, na wenzake hudhani ni utani. Hata katika kumcheka yeye, msimamizi huchochea tu. Kuiga huwaachia wengine.

Mafundi walianza kugeuka. Cherehani angeweza kunyamaza, msimamizi naye ajionee.

"Pa-pa-paini, mama," akasema.

Kicheko chote kikamwangukia yeye.

Wakati wa chai msimamizi alikuja, akakaa juu ya mbao kando yake. "Ulijuaje?"

"Panya mimi namwita mwenye mkia."

Msimamizi akatabasamu kwa taabu. "Shuleni walinicheka miaka saba, ndugu yangu. Nikaona anayechekesha watu hakuna anayemtazama mdomo."

"Ukanisukumia mimi."

"Nikakusukumia wewe." Chai yake ikapoa mkononi.

Jioni, mkoba wa Cherehani umeshafungwa, msimamizi alisimama katikati ya karakana, mkono ameunyoosha.

"Chere..." Akajikata. "Fundi. Nipe pa... pa..."

Misumeno ikanyamaza. Mafundi hawakujua wacheke au waangalie chini. Neno Cherehani alikuwa nalo, ila safari hii hakumsaidia. Alijua inavyouma kumaliziwa neno lako mbele ya watu wakati umeshaamua kulitoa mwenyewe. Akangoja.

"Patasi."

Cherehani akaufungua mkoba, akampa.