Mashuka ya Ujumbe wa Jirani

Kaka aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa nguo chafu, na tai yake shingoni. Tangu apate kazi ya ukalimani wizarani hajawahi kupita pale. Mimi nilikuwa napiga pasi. Hata salamu hakutoa.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Nani kakwambia wale wageni wameondoka?"

Nikageuza shuka upande wa pili. Nikajua ameisoma.

Mimi nina blogu. Naandika siasa za hapa kwetu na za majirani, nani kakutana na nani, nani kamnunia nani. Shule niliiacha kidato cha pili, na kila nikimgusa waziri kuna mtu ataandika pale chini, "Kwanza maliza shule." Poa. Lakini wanasoma. Wizarani ndiyo wanasoma kuliko wote, kwa sababu nawabandika majina. Msemaji wao nimembatiza Mambo Shwari. Yule hata nyumba yake ikiungua atatoka nje anapangusa masizi na kukwambia hali inaendelea vizuri.

Wiki hiyo kulikuwa na mazungumzo ya mpaka. Ujumbe wa nchi jirani umekuja, umefikia nyumba ya wageni ya serikali, na Mambo Shwari kila jioni yuko kwenye televisheni: mazungumzo yanakwenda kwa moyo wa kidugu. Udugu gani huo? Mpaka umefungwa, malori yamelala foleni, nyanya zinaozea ndani.

Nilijua anadanganya kwa sababu mashuka ya nyumba ile anafua mama yangu. Gari lao linaleta mafurushi, mama anafua, mimi napiga pasi na kukunja. Nina mkunjo wangu, pembe zinaingia ndani, mama alinifundisha kwa makofi. Basi likaja furushi la vyumba vya wale wageni. Nikafungua shuka la kwanza, mstari wangu wa pasi uko pale pale. La pili, vilevile. Taulo kavu. Foronya hazina hata alama ya kichwa. Yametandikwa, yametanduliwa, mtu hajalala. Sasa mtu ambaye yuko kwenye mazungumzo ya kidugu analala wapi, juu ya mti?

Nikaposti papo hapo. *Wageni wameshajiondokea. Mazungumzo yamekufa. Mambo Shwari anahutubia viti vitupu. Hata vitanda vyao havikulaliwa.*

Hilo la vitanda ndilo lililotuchoma. Ni tabia yangu, kila habari lazima niweke kitu kidogo cha kuonyesha nilikuwa karibu. Wasomaji wanakipenda. Wizarani nao wakakipenda, wakakaa chini kujiuliza ni nani alifika mpaka vyumbani. Wakapata mtu mmoja: mkalimani aliyewasindikiza wageni kwenye magari yao na kurudisha funguo za vyumba. Na mkalimani huyo ana mdogo wake mwenye blogu.

"Wameninyang'anya kitambulisho getini," kaka akasema. "Mbele ya walinzi. Mbele ya yule dada wa mapokezi. Kesho asubuhi naitwa kwenye kamati. Unajua neno walilotumia? Msaliti."

"Waambie hujasema kitu."

"Nimewaambia! Wanataka jina. Nipe jina."

"Mwandishi hataji chanzo."

"Mwandishi!" Alicheka vibaya. "Wewe uliyefukuzwa darasani kwa kubishana na mwalimu wa uraia?"

"Na nilikuwa sahihi."

"Mimi nimesomea lugha za watu miaka yote ile, halafu nifungwe kwa sababu ya umbea wako?"

"Umbea? Nimesema uongo? Sema, Mheshimiwa. Wageni wapo?"

Tai imempinda, kwapa zimeloa. Akainua mkono, nikadhani ananipiga, nikaishika pasi vizuri. Kumbe anataka kuegemea tu lile lundo la mashuka.

"Usiyashike hayo, safi," nikasema. Kwa mazoea tu.

Akayatazama. Akaiona nembo ya serikali kwenye pindo. Akanitazama mimi. Kaka yangu ana mabaya yake lakini mjinga siye.

"Mashuka," akasema. "Naitwa msaliti kwa ajili ya mashuka."

"Ukiwaambia, mama hana kazi."

"Nisipowaambia naingia ndani!"

"Wape mtu mwingine basi. Mfagizi, sijui mpishi, wako wengi mle..."

Foronya mbichi ikanitandika shingoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni, sijui tangu saa ngapi.

"Rudia," akasema. "Mfagizi wa nani? Hana mama?"

"Mama, nilikuwa nakulinda wewe."

"Mimi nilikutuma? Nilikwambia nenda katangaze nguo za watu?" Akamgeukia kaka. "Na wewe, mpaka ufukuzwe ndiyo unaujua mlango wangu?"

Kaka akatazama viatu vyake.

"Toa hiyo simu yako," mama akaniambia. "Ulivyoandika la kwanza, andika la pili. Sema ni mashuka."

"Watatunyang'anya kazi, mama."

"Kwani nimekuuliza?"

Nikaandika kwa vidole vilivyoloa maji ya ile foronya. Kaka kasimama nyuma yangu, ananipumulia sikioni.

"Umeandika nini hapo? 'Kaka yangu hajaniambia kitu, hata salamu hanipi, anajiona balozi.' Toa hiyo."

"Hiyo ndiyo itakayokuokoa."

"Nimesema toa!"

"Iache," mama akasema. "Si kweli?"

Nikawasomea yote kwa sauti. Nani anafua, nani anakunja, mstari wa pasi, taulo kavu.

"Ongeza kwamba hata hivyo tuliyafua tena," mama akasema. "Wasije wakasema tunarudisha bila kufua."

Nikaongeza. Nikaposti. Kaka akatoka kwa mlango uleule, bila asante.

Kufika asubuhi nchi nzima inacheka. Watu wanapiga picha vitanda vyao visivyolaliwa na kuuliza kama serikali bado ipo. Mambo Shwari akatangaza mazungumzo yameahirishwa kwa makubaliano ya pande zote. Kaka akanitumia ujumbe mmoja: "Wamenirudishia kitambulisho. Usinipigie."

Gari la nyumba ya wageni likaja kabla ya mchana. Dereva hakutaka kututazama.

"Wamesema nibebe kila kitu, mama. Hata kama ni mabichi."

"Hapa hakitoki kitu kibichi. Kaa."

Akakaa. Nikapiga pasi, nikakunja, pembe ndani, mpaka la mwisho. Gari likaondoka, kamba za uani zikabaki zinaning'inia tupu.

"Haya," mama akasema. "Hiyo blogu yako sasa initafutie nguo."

Nikaandika: *Dobi mzoefu. Tunafua mashuka, mapazia, sare. Siri za wateja tunazitunza.*

Jibu likaingia hapo hapo, kutoka kwa mtu nisiyemjua. *Wewe?*

"Wamejibu?" mama akauliza.

"Bado."