Danuta na Mazulia ya Pasaka

Mzigo gani hauna mpini, ukiushika unateleza, na ukiulaza chini unakucheka? Danuta alilijua jibu siku mama yake, Bibi Leokadia, alipoporomoka kitini taratibu kama unga unaomwagika, akajikuta sakafuni jikoni. Hakuumia hata ukucha. Lakini kuinuka hakuweza, na Danuta kumwinua hakuweza. Alivuta huku, akavuta kule, mwishowe akaketi naye chini wakamsubiri jirani arudi kutoka kanisani. Bibi Leokadia alicheka mpaka machozi. Danuta machozi yalimtoka bila kicheko.

Kaka yake Roman, aliyekaa ng'ambo ya mto katika mji uleule wa Toruń alikoishi mama, alipopata habari hakuzunguka mbuyu. "Mama ataanguka tena, Danuta. Kama hakuna wa kumwinua, baada ya Pasaka tunampeleka kwenye nyumba ya wazee."

"Kwani mimi ni zulia la kuhamishwa?" akauliza mama. Roman akasema hajamtukana mtu, amesema ukweli tu.

Basi Danuta, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye maishani mwake hakuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko cherehani, akaenda kujifunza kunyanyua vyuma. Nusu ya wiki alikuwa mji wa Łódź, alikoshona nguo kiwandani. Nusu nyingine alipanda treni kwenda Toruń kumtunza mama. Jimu ilikuwa Łódź, chini ya duka la viatu, na mwalimu wake alikuwa binti anayeitwa Kornelia, mwenye mabega kama mlango na sauti ya upole.

"Usivute kwa mgongo, Bi Danuta. Sukuma sakafu kwa miguu, kama unataka iende chini."

"Chini kuna duka la nani?"

"Chini hakuna kitu. Sukuma tu."

Alisukuma, chuma kikapanda. Akajiona simba. Tatizo lilikuwa Toruń. Kule kulikuwa na maandazi ya viazi, kiti laini karibu na jiko, na mama anayesema, "Kaa mwanangu, umechoka na safari." Danuta alikaa. Akirudi Łódź, chuma kilekile kilikuwa kimeota mizizi.

Kornelia akamtazama akihema, akamwambia, "Bi Danuta, wewe unasuka mkeka huku, ukifika kule unaufumua. Hutamaliza hata ukiishi miaka mia. Tafuta kitu cha kushika hukohuko kwa mama yako. Kidogo kinatosha, ila usikose."

Kwenye ua wa nyumba ya mama, kama kwenye ua wa kila nyumba ya ghorofa mjini humo, palikuwa na chuma cha kupigia mazulia: nguzo mbili na fimbo nene juu yake, ambapo zulia hutundikwa na kupigwa litoke vumbi. Watoto huning'inia pale vichwa chini. Danuta naye akaanza kwenda pale asubuhi. Alishika fimbo, akaegemea nyuma miguu ikiwa ardhini, akajivuta kifua mbele, akarudi, akajivuta tena. Watoto wakacheka wakachoka, wakaenda zao. Mkeka ukaanza kuonekana.

Hapo ikafika wiki ya Pasaka, wiki ambayo kila mwenye zulia hulishusha lipigwe mpaka litoke mavumbi yote ya mwaka. Danuta alikuwa amejiegemeza kwenye fimbo yake aliposikia sauti nyuma.

"Toka hapo. Hicho chuma si cha nyani, ni cha mazulia." Alikuwa Bi Stefania wa ghorofa ya nne, mjane mwenye ulimi mkali, ameshika kipigio mkononi kama upanga.

"Dakika mbili, Bi Stefania. Nafanya mazoezi."

"Kwa umri wako? Mazoezi ya nini, unaolewa?"

"Nataka kumwinua mama akianguka."

Bi Stefania akashusha kipigio, maana naye alikuwa mmoja wa hao wanaoweza kuanguka. Kisha akasema, "Zulia langu liko juu kwenye ngazi, limenishinda. Kama una nguvu, lilete."

Danuta akapanda kwa madaha. Zulia lilikuwa la sufu, zito, limekunjwa kwa mviringo. Alilikumbatia, likajipinda katikati. Alilishika mwisho mmoja, mwingine ukalala. Alishuka nalo ngazi moja, likamponyoka, likaketi pale lilipotaka. Akasimama akilitazama. Miezi yote hiyo amenyanyua chuma kinachomsubiri kwa adabu, kimenyooka, kina pa kushika. Mama yake si chuma. Mama yake ni huyu hapa, aliyeketi kwenye ngazi.

Akachuchumaa. Akalikumbatia kutoka nyuma, akalibana kifuani, akasukuma sakafu. Likainuka.

Siku zilizobaki kabla ya Pasaka Danuta hakugombania tena fimbo. Alibeba mazulia ya majirani wote wa ngazi ile, kushuka na kupanda, ya Bi Stefania, ya mwalimu mstaafu, hata ya bwana mmoja ambaye hakumsalimu miaka yote. Bibi Leokadia alitazama kutoka dirishani na kuwategea waliokuwa uani.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu Bi Stefania.

"Hana kosa, kila Pasaka hupigwa hadharani, akirudi nyumbani tunamkanyaga."

"Marehemu mume wangu."

"Huyo makosa alikuwa nayo. Nipe mji."

Jumapili ya Pasaka Roman alikuja amevaa suti. Waligawana yai lililobarikiwa kanisani, kama ilivyo desturi, wakatakiana heri, soseji nyeupe ikawekwa mezani inafuka moshi. Roman akakohoa. "Kuhusu ile nyumba ya wazee, nimepiga simu. Wana nafasi."

Bibi Leokadia akaweka uma chini. Akashika meza, akajishusha goti moja, la pili, akaketi sakafuni, akajilaza kabisa na nguo yake nzuri.

"Haya, nimeanguka. Nani anaanza?"

"Mama, acha mchezo."

"Anza wewe, mwanamume."

Roman akamshika mikono akavuta. "Taratibu, huo si mpini wa kikaango," mama akasema. Akavuta tena, uso ukamwiva, akaachia akishika kiuno.

Danuta alimketisha mama, akachuchumaa nyuma yake, akapitisha mikono chini ya makwapa, akamkumbatia. Akasukuma. Soksi zikateleza kwenye sakafu iliyopigwa nta, wote wawili wakarudi chini kwa kishindo. Roman akafungua mdomo.

"Usiseme," Danuta akamwambia. Akavua soksi. Akamkumbatia mama upya, akavuta pumzi, na safari hii Bibi Leokadia akapanda polepole mpaka miguu yake ikakamata sakafu, akasimama, akairekebisha kola.

Roman akauliza, bila ubishi, "Na siku ukiwa Łódź?"

Hilo swali Danuta alikuwa amesafiri nalo kwenye treni miezi yote.

"Wewe unakaa wapi, Roman?" mama akauliza.

"Ng'ambo ya mto, mama. Unajua."

"Najua. Nilidhani wewe ndiye usiyejua."

Roman akatazama dirisha, akatazama kiuno chake, akamtazama dada yake aliye miguu mitupu. Akavua koti la suti, akalitundika kitini. "Unakuwa Łódź siku zipi?"

"Jumatatu mpaka Alhamisi asubuhi."

Akaanza kufungua kamba za viatu. Bibi Leokadia akashika tena ukingo wa meza na kujishusha. "Fanyeni upesi basi," akasema akiwa njiani kwenda chini, "soseji inapoa."