Taa ya Tatu

Baada ya sala ya alasiri, fundi Ubwa aliiweka amplifaya ya marehemu Abdulrazak juu ya meza yake ya kazi Mlandege, akaiwasha, akasubiri taa zake za kioo zipate moto. Ilikuwa ya zamani, ya aina ile ambayo sauti hupita ndani ya taa kabla ya kufika kwenye spika, na taa hizo zikizeeka huvuma, hukoroma, au hubakiwa na maneno yaliyosemwa chumbani. Ubwa akachukua penseli akazigonga mojamoja. Ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikasema, kwa sauti ya Abdulrazak aliyezikwa mwezi uliopita: "Badriya simwachi, Sleiman. Nshakwambia."

Ubwa aliizima, akangoja ipoe, akaihamisha taa ile kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, maana fundi hasemi jambo kwa kukisia. Alipowasha tena, marehemu alisema yale yale kwenye spika ya kushoto. Basi ubovu ulikuwa wa taa, si wa waya.

Aliyeileta amplifaya ni Sleiman, ndugu wa marehemu. Matanga hayajaondolewa, alitangaza kwamba Abdulrazak alikuwa keshamwacha mkewe Badriya talaka tatu, mbele yake yeye na mbele ya Pandu, mpangaji wa Sleiman. Kwa maneno hayo Badriya hakuwa mjane wala mrithi. Alitolewa kwenye nyumba ya Sokomuhogo na sanduku lake, akaenda kwa shangazi yake Mwanakwerekwe, na huko akaingia eda ya kufiwa, ndani, hatoki. Wako waliomcheka, na waliocheka zaidi ni wale waliokula pilau yake miaka yote.

Ubwa alimwita Sleiman akamgongea taa. Sleiman alisikiliza amesimama, akasema ndugu yake siku zote sauti yake ilikuwa na makwaruzo, akauliza kama yanaondoka. Alikuwa anamwoza binti yake Reem katika nyumba ile ile, na hakutaka isikike sauti isiyo ya taarabu. Ubwa alimjibu kwamba taa mpya zitakuja kwa boti kutoka Dar es Salaam.

Shehe aliyegawa mirathi ile alipita dukani, naye akagongewa. Alikubali kwamba sauti ni ya marehemu. Ila haki, alisema, hudaiwa na mwenyewe. Badriya aje asikie, adai, naye atagawa upya. Na asikawie, kwa sababu taa ilikuwa inafifia kila ikigongwa. Kuibeba amplifaya hadi Mwanakwerekwe, Ubwa hakukuwaza. Mali ya mteja haitoki dukani ila na mteja.

Mke wa Ubwa, Shemsa, ndiye aliyepeleka habari. Alimkuta Pandu amekaa barazani nyumba ya pili, anatafuna njugu, macho mlangoni kwa shangazi. Sleiman alikuwa kamweka pale aone kama Badriya atatoka.

"Nnajua alichosema," Badriya alimwambia. "Nlikuwa jikoni."

Shemsa akamweleza kwamba kwa dharura mwenye eda huruhusiwa kutoka mchana, shehe mwenyewe kasema.

"Nkitoka, yule pale atakwenda kuapa kuwa sikukaa eda. Watasema hata mwenyewe alijua kaachwa. Mwambie fundi anihifadhie. Eda ikisha ntakuja."

Taa mpya zikafika. Ubwa ni fundi mwaminifu, Mlandege nzima inalijua hilo: kifaa kibovu akikitoa humrudishia mteja, asije akaambiwa hakubadilisha kitu. Aliifunga taa ya tatu kwa gazeti, akampa Sleiman pamoja na amplifaya. Maneno ya Badriya yalikuwa yamemfikia, lakini alimpa. Sleiman akaiangusha pale pale mlangoni, akaikanyaga mpaka gazeti likawa bapa.

Vigae vya kioo viliingia kwenye soli ya kubadhi lake la kulia. Tangu hapo, kila akikanyaga, kubadhi husema: "Badriya simwachi." Siku ya harusi aliwapokea wageni kwa mwendo huo. Wageni walisikia, wakampa hongera, wakasifu amplifaya kwamba sasa inatoa sauti safi. Shehe naye alikuwapo. Alisema masuala ya viatu hakuyasomea, akaomba aongezewe mchuzi.

Eda ilipokwisha, Badriya alikoga, akavaa buibui, akaenda Mlandege. Ubwa alimwambia kwamba taa keshamrudishia mwenyewe, Sleiman. Badriya hakumlaumu, na hilo Ubwa mpaka leo linamnyima raha. Kutoka hapo alikwenda Sokomuhogo akabisha hodi.

Sleiman alishuka ngazi. Kila alipotua mguu wa kulia, marehemu alisema yale maneno yake, na sauti ikawa inakaribia.

"Badriya..."

"Naam," aliitika Badriya, nje.

Sleiman akafungua mlango, akamtazama, akavua makubadhi yake yote mawili akayaweka nje ya kizingiti. Alimwambia hayo anaweza kuyachukua. Kisha akarudi ndani miguu mitupu, akakomea mlango, na safari hii akapanda ngazi kimya.